Harufu ya Chupa ya Tatu

Wifi yangu mpenzi,

Kwanza nijulishe, magoti yako yanasemaje? Mimi ni mzima, ila macho yananitania, ndiyo maana mistari yangu inapanda mlima. Nipo kwa binti yetu, na asiyeringa kwa mtoto kama huyu ana kinyongo.

Basi nivumilie niringe. Ndiye anayechagua mvinyo wa hoteli nzima. Nilimkanya utoto wake wote asiteme mate mezani. Leo analipwa kwa kuonja na kutema. Wenzake wanamwita Pua, nami tangu nifike ni Mama Pua, na naitika.

Jumamosi aliwaalika wawili kwa chakula cha jioni, mpishi wa hotelini na rafiki yake daktari wa meno. Chupa alizivika soksi ili mtu asisome karatasi zenye majina. Ya kwanza mpishi alidai inanukia pilipili. Daktari akamwambia ni vidole vyake mwenyewe, akanawe. Ya pili walibishana kama ni tamu kweli au inajifanya tamu, kama wifi mtu, wakasema, nami nikakutetea. Mwanangu huwaacha wabishane, kisha anasema neno moja na wote wananyamaza. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Ya tatu aliinusa mara mbili. Akaionja. Hiyo hakuitema. Akasema polepole, "Maganda ya chungwa juu ya makaa. Godoro lililolowa. Na dirisha halijafunguliwa siku nyingi."

Wenzake wakampigia makofi. Mimi kijiko kilinidondoka.

Unayakumbuka maganda yale. Nilikuwa nikiyachoma chumbani alimolala kaka yako, ili harufu ya ugonjwa isimwaibishe mbele ya wageni. Tangu mume wangu afariki sijachoma hata ganda moja, na sijawahi kuyataja. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, nimemlaza kwa jirani. Nilitoka mbio kumwita daktari, na niliporudi mgonjwa alikuwa ameshatutoka. Tangu hapo kila tukikutana unaniuliza, bila lawama, kama kaka yako alikata roho bila mtu, nami hukosa la kukujibu.

Wageni walipoaga nilimfuata binti jikoni, akisuuza glasi. Nikamuuliza harufu ile ameitoa wapi. Hakugeuka. Alisema siku ile alitoroka kwa jirani, akaingia chini ya kitanda kumvizia baba yake, kwa mchezo, akanisikia nikitoka.

"Baba aliteremsha mkono, mama, nikaushika. Ulipopoa nikadhani amelala."

Akarudi kwa jirani, akanyamaza mpaka leo. Anasema kila chupa anayoifungua huanza kwa kuitafuta harufu hiyo, na akiipata hawezi kuitema. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Changu hakukiona, alikisikia kikitoka mlangoni.

Mimi sinywi, unanijua. Lakini niliinusa ile glasi yake, na tangu hapo kila chumba cha nyumba hii kina makaa.

Jibu lako ndilo hili, wifi: hakuwa peke yake.

Wape wote wa nyumbani salamu zangu, na shemeji apunguze chumvi. Ukija huku, usimuulize mtoto lolote. Mshike mkono tu, ukae nao kidogo.

Akupendaye,
wifi yako, Mama Pua