Dokta D. Ernesti

Kambini, Mwera
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Edgar,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Umepiga sana na sikupokea, na haikuwa kiburi. Kwenye simu wewe una maneno mengi, mimi nakuwa mdogo wako, naishia kuitikia. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. U hali gani? Wifi na watoto hawajambo?

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mzee bado anasumbuliwa na mgongo, ila ukitajwa wewe ananyooka. Juzi alimwambia padre kwamba mwanawe sasa ni mhadhiri mwandamizi. Padre akasema hongera, mzee akarudia tena, akidhani hakusikika. Mama yupo. Baba Imakulata bado yuko Muheza anapakia machungwa, anakusalimu.

Ile pampu uliyoisifu kwenye makala yako inatoa maji mengi. Unakumbuka tulivyokatazwa utotoni hata kunawa pale, kwa kuwa iko ubavuni mwa lililokuwa ghala la dawa za wadudu, mpaka kufuli la pampu likaota kutu. Makala ilipotoka, Innocent, mwenyekiti wetu, aliisoma mkutanoni. Alipoweza akatafsiri, alipokwama akasema hapa ni kisayansi. Kufuli likavunjwa siku ile ile na wanawake tukapiga vigelegele, mimi wa kwanza, maana kisima kile kingine ni mbali na maji yake ya chumvi. Tangu hapo pampu ina jina lako. Ukimuuliza mtu na ndoo yake aendako, anakujibu, naenda kwa Edgar.

Mpwa wako Imakulata haendelei vizuri. Alianza kwa kutapika, tukasema minyoo. Kisha akakonda, tukasema meno ya nyuma. Sasa ameacha kutembea, kaka. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku uani, leo akitaka kitu ananyoosha mkono na kungoja. Mtoto wa jirani yangu Shahd naye ameanza kutapika vivyo hivyo. Na maji yale yakichemka huacha utando kwenye sufuria, ukipitisha kidole kinateleza.

Daktari aliniuliza tunakunywa maji gani. Nikamjibu kwa majivuno kwamba maji yetu yamepimwa, yameandikwa kwenye jarida, na aliyeyapima ni tumbo moja na mimi. Akaitafuta makala kwenye simu yake, akaiona, akaitikia kwa kichwa, habari ya maji akaiacha. Akaenda kwenye damu, kwenye kifua, kwenye magonjwa ya ukoo. Kila tukirudi anatafuta pengine, kwa sababu mlango ule niliufunga mimi kwa mkono wangu.

Ulipokuja Pasaka ulituomba, mimi na mama, tuweke vidole usajili laini mbili, ukasema ni mambo ya kazi. Zikabaki hapa kwenye simu ndogo, na namba za siri zikiingia tukutumie. Tulikutumia. Nani anamhoji kaka yake?

Basi simu ile ikaita. Mwanamke, sauti ya Kiunguja, mpole, akajiita Shadya wa ofisi ya jarida, akamtaka Dokta Devota Ernesti. Nikamwambia Devota ni mimi, huyo dokta simjui, mimi nakaanga maandazi. Akauliza kama ni mimi niliyehakiki makala ya visima vya Mwera nikasema ichapwe bila kuguswa hata nukta, na kama namfahamu mhakiki wa pili, Dokta Anjela. Jina la mama yetu hilo. Nikakata simu kwa hofu. Mama nilipomweleza kwamba na yeye ni dokta alicheka mpaka akakaa chini, akauliza, “Natibu nini?” Kisha akaacha kucheka.

Nilipokupigia ulisema ni jambo dogo, kila mtu anafanya, wahakiki wenyewe huchelewesha makala za watu miaka. Yule mama atapiga tena, ukasema, nami nimwambie ndiyo. Ndiyo moja tu, mdogo wangu, kama ya kwenye ndoa.

Na ningeisema, Mungu ananiona. Lakini nilikwenda mjini, dukani kwa Bi Shamsiya kununua hamira, nikamkuta mwanawe Harub, yule aliyekubeba kwa pikipiki siku ya kupima. Akaanza utani wake. Akasema kaka yangu ni mwerevu kweli: mvua iliwakwamisha kabla ya kufika huku, mkarudi, nawe ukajaza chupa zote kwenye mfereji wa maji ya bomba uani kwao, ukaziandika majina ya visima moja moja. Alipokuuliza mbona hivyo, ukamwambia, “Maji ni maji, Harub.” Duka zima likacheka. Mimi nilitoka, hamira nikaiacha kaunta.

Sisemi kwamba ni maji yaliyomfanya mtoto hivi. Sijui. Lakini na wewe hujui, kaka, na uliandika kama mtu anayejua.

Kesho yake nilikwenda barazani kwa Innocent, nikamwomba aifunge pampu mpaka ipimwe. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia anajua, tulimaliza wote darasa la saba. Akatoa simu yake, akanionyesha kwamba jarida lenu huchapa na majina ya waliohakiki, akayasoma kwa sauti watu wasikie: Dokta D. Ernesti amethibitisha kwamba vipimo ni sahihi. Sasa wewe Devota wa maandazi, akasema, unampinga Dokta D. Ernesti? Nikamwambia Dokta D. Ernesti ni mimi. Baraza likaangua kicheko, mzee mmoja akaniita, “Dokta, nina jino linaniuma.” Nikasimama pale, kaka, nimeshindwa na jina langu mwenyewe. Nikiwa narudi nikapishana na wanawake na ndoo zao, wanakwenda kwa Edgar.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Shadya alipiga tena juzi Ijumaa. Sikusema ndiyo. Nilimwuliza kwanza kazi ya hao wahakiki ni nini hasa. Akanieleza kwamba makala husomwa na watu wa rika la mwandishi kielimu, wasiokuwa ndugu zake, ili kama kuna kosa likamatwe kabla halijafika kwa watu. Nikamwambia huku kwetu mtu wa rika lako ndiye anayekufichia. Akasema kwao ndiye anayetakiwa kukuumbua.

Nikamweleza yote. Vidole, laini, namba za siri, mama, na chupa za mfereji wa kwa Bi Shamsiya. Sikukusingizia na sikukufichia. Akaniuliza kama nafahamu kitakachokupata, nikamwambia nafahamu. Daktari pia nimemrudia, nikamwambia yale niliyomwambia mwanzo ni uongo. Amechukua damu upya, imepelekwa mbali, majibu bado.

Shadya amesema mwandishi akikana, kuifuta makala ni vikao juu ya vikao, pengine mwaka. Akikiri mwenyewe, ni upesi. Innocent naye ameapa hafungi pampu mpaka aliyeisifu aikane. Kwa hiyo, kaka, liko mikononi mwako, na watu wanachota asubuhi na jioni. Sisi tumerudia maji ya chumvi. Shahd nimemsihi, ananiambia nina wivu na ndugu yangu.

Mzee sijamwambia. Mama anasema aibu ya ndugu hufunikwa kwa kanga. Nimemjibu kanga yangu nimembebea mtoto. Usidhani nimekuchukia. Ni wewe uliyenibeba mgongoni mto ulipofurika, na chakula chako kipo hapa siku yoyote ukija, uwe na cheo au usiwe nacho.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Barua hii anakuletea Manase, anarudi na basi la Jumatano, mpe vitu hivi aje navyo. Nahitaji barua yako ya kukiri kwa jarida, na nakala yake kwa Innocent yenye sahihi yako, iwe ya Kiswahili asipate pa kukwama. Chupa safi za kupimia, ila hizo uje nazo wewe, uchote mwenyewe pale pampuni mbele ya watu. Orodha ya dawa zilizokuwa zikiwekwa ghalani kama uliwahi kuipata, daktari anaiulizia. Madumu mawili makubwa yenye mifuniko. Maziwa ya unga, ya kopo.

Na lile gauni ulilomwahidi Imakulata, ukifika dukani usiwatajie umri wake. Anatimiza miaka mitatu mwezi ujao, lakini nunua la mwaka mmoja. Litamtosha.

Mdogo wako,
Devota