Uvimbe Niliomficha Mkwe

Shieywe, 14 Novemba 1994

Mama,

Sisi huku ni wazima, Mitchel ameota meno mawili na anamuuma mama yake. Sijui wewe umeamkaje, na kama kidonda cha nyuma ya goti kimefunga.

Majibu ya ile nyama uliyotolewa mwezi wa tisa yamerudi kutoka Nairobi, na sisi wa maabara ndio huyapokea kwanza. Ni kansa, Mama. Naandika kwa sababu binti yako Christine nikimtuma akuambie, atalia tu njiani.

Unisamehe kwa swali hili. Siku ile daktari mgeni alitaka kukupapasa kinenani, nami nimesimama pale namtafsiria. Ulikaza leso ukasema hakuna uvimbe. Akakuamini, akakata ya goti peke yake. Kansa hii ya nyama mara nyingi hupita na damu hadi mapafuni, kwenye tezi za kinenani huingia kwa nadra, kwa hivyo wapasuaji hawazitoi ovyo, maana mguu unaweza kuvimba maisha yote. Lakini majibu yanasema yako ni ya lile kundi dogo linalopenda tezi. Je, ulisema kweli?

Mwanao,
Philemon

Navakholo, 20 Novemba 1994

Baba Mitchel,

Hapa tumeamka, ila mvua imezidi na maharagwe yanaoza. Kidonda kimefunga.

Nilidanganya. Mtoki ulikuwepo tangu Juni. Wakati ule ulikuwa kama njugu, sasa ni kama yai la kienyeji, na hauumi. Nilidhani ni wa mwiba, kwa sababu nikikanyaga miiba kwa miwa huwa napatanga. Tena wewe ulikuwa umesimama pale. Miaka saba hatujawahi kula meza moja, ningefunuaje paja mbele ya mkwe? Mficha uchi hazai, walisema. Mimi nimezaa sita na bado nikaficha.

Sasa naogopa. Sitaki kufa. Niambie la kufanya.

Mkweo,
Jael

Shieywe, 22 Novemba 1994

Mama,

Pole sana, na poleni nyote hapo nyumbani. Kosa ni langu. Nilijua mila, ningetoka wodini nikamwita mwanamke, lakini nilijiona msomi.

Njoo Ijumaa. Sista Musimbi ndiye atakayetafsiri, mimi nitajifungia maabara. Daktari atatoa kipande cha tezi, upigwe na picha ya kifua. Tezi ikiwa na kansa na mapafu ni safi, atatoa tezi zote za kinena. Mapafu yakiwa na madoa, sijui, Mama, sitaki kukudanganya. Usikawie hata wiki.

Mwanao,
Philemon

Shieywe, 9 Desemba 1994

Mama,

Sijui hata nikusalimu vipi. U mzima? Siku kumi na saba hakuna neno. Christine amekuja huko mara mbili, akaambiwa umeenda Malinya kwa dada yako.

Jana nilikuja mwenyewe kwa baiskeli. Nikafika kwenye ua nikaona hakuna mwanamume wa kunipokea, nikageuza. Nimelia njia nzima, mtu mzima mimi. Nakupigia magoti, njoo. Christine halali, wala mimi. Daktari anaenda kwao tarehe kumi na nne, hatarudi mpaka Machi.

Mwanao,
Philemon

Wodini, 13 Desemba 1994

Baba Mitchel,

Habari ya huko maabara. Nimefika tangu asubuhi, nikaona haya kukuambia. Malinya nilienda kuchanjwa chale. Mtoki ukazidi, na mwingine umeota juu yake.

Picha ya kifua wamepiga, sijaambiwa kitu. Musimbi ameitwa kwao, kuna msiba. Daktari amesimama hapa kitandani na glavu mkononi, anauliza kwa Kizungu, na mimi natingisha kichwa tu. Ameangalia saa mara mbili. Chale ameziona kwa tumbo, amekunja uso, na sina maneno ya kumweleza. Karatasi hii nampa anayepiga deki akuletee.

Ingia wewe. Nitafunika uso na leso, nitafunua mguu. Mwambie iko miwili. Mwambie ile siku ya kwanza nilidanganya, asidhani ni wewe ulitafsiri vibaya. Halafu umuulize kuhusu mapafu, na chochote atakachosema unitafsirie chote, usinipunguzie.

Kuja haraka, mwanangu.

Mama yako