Gato ya Kremu Chachu na Kadi ya Baba

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu misa ya kwanza, na moyo wangu mzito.

Neno hili sijamwambia mtu, hata padri katika kitubio: siku ile wazungu walipokuja kukagua nyumba yetu, sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa makusudi.

Mtaa mzima hapa Kasongo unasema, "Vero, maskini, akiona muzungu ulimi unaganda." Mama anasema hivyo. Masere Klara, mtawa aliyetufundisha kupika na kushona kule misioni, anasema hivyo pia. Ni kweli nina haya. Naona haya hata kumwita muuza chumvi. Lakini siku ile ulimi wangu ulikuwa mwepesi, na maneno nilikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kifaransa.

Niandike yote kwa mpango, nisijidanganye.

Baba yangu ni karani katika ghala la pamba. Mwaka huu aliomba kadi ya evolue, ile ambayo serikali inampa mtu mweusi ikiona ameishi kwa namna wanayoitaka wao. Wengine wanaitafuta ili wasifiwe. Baba aliitafuta kwa sababu moja tu: mwenye kadi hapigwi fimbo. Miaka miwili iliyopita alilazwa kifudifudi uwanjani na kupigwa, mbele ya wakulima waliokuja kupimisha pamba yao, kwa ajili ya gunia lililopungua uzito ambalo hata hakuligusa. Mimi nilikuwa pale, nimemletea chakula chake. Nilirudi nacho nyumbani. Tangu siku ile, baba na mimi hatujataja jambo hilo.

Kadi haitolewi ovyo. Kwanza wanakuja nyumbani. Wanatazama kitanda, choo, vikombe, wanatazama kama mke anakaa mezani na mume na kushika uma. Wanataka kuona kwamba mke naye "ameendelea". Ndiyo sababu baba aliamua wageni wale watapewa gato, keki za kizungu, na kwamba mpishi atakuwa mama.

Mama hajui kupika gato. Mimi ndiye ninayejua.

Masere Klara alitufundisha ile ya kizamani, ya bibi yake huko Ulaya, gato ndogo laini zenye kremu chachu. Ng'ombe wa misioni ni wachache na wamekonda, lakini mafuta ya juu ya maziwa yao yanapatikana. Unayatia katika chungu, unafunika kwa jani la mgomba, unaacha siku mbili mpaka yawe mazito na yachachuke. Unapiga mayai na sukari. Unatia kremu, unga, ganda la chungwa lililokunwa, na mwisho kabisa bikarbonati kidogo. Hapo mchanganyiko unafura kama kitu chenye uhai. Hatuna tanuri. Mimi natumia sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, na gato zinaiva ndani ya makopo ya sadini. Zikitoka, ukizibonyeza kwa kidole zinarudi polepole. Mtu akila moja anataka nyingine.

Zilifanya mikono yangu isifiwe sana. Zilinifungia njia pia.

Nilipomaliza shule, Masere Klara alikuja kumwomba baba aniruhusu niende mbali kusomea ualimu. Alisema nafasi ipo. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamjibu, "Masere, nyumba inataka mikono yake. Wageni wa serikali watakula nini?" Masere akatazama gato zangu juu ya sahani, akacheka kidogo, akaondoka. Usingizi uliniruka siku nyingi nikiwaza kwamba ningeziunguza siku ile, labda leo ningekuwa njiani na sanduku langu.

Basi, wiki nzima kabla ya ukaguzi mama alijifunza gato kwa mdomo, kama katekismu, maana hasomi. Mimi nilimsomea kutoka kaye yangu, daftari langu la shule: mayai matatu, kikombe cha sukari, kikombe cha kremu. Katika kaye imeandikwa "kremu" tu. Kwamba lazima ichachuke, sisi wasichana wa misioni tulijua kwa pua na kwa macho, hakuna aliyeandika. Mama alirudia huku akitwanga, huku akifagia. Alikuwa anajikaza kweli.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipika kabla jua halijapanda. Baba akaja jikoni amevaa tai.

"Vero. Leo wewe hujui kupika. Leo mama yako ndiye amepika, umesikia?"

"Ndiyo, baba."

"Ukiulizwa kitu, tazama chini. Wewe unajua kutazama chini."

Alisema hivyo kwa utani. Mimi sikucheka.

Wakaja watatu: muzungu wa serikali, madamu wake, na padri. Mama alikaa mezani, mgongo wima. Alishika uma vizuri kuliko mimi. Padri alisifu vitambaa. Kisha madamu akala gato, akafumba macho, akachukua ya pili.

"Mama, hii iko muzuri sana. Kwangu inakauka kila siku. Weye natia kremu gani? Ya mbichi ao ya kuchacha?"

Mama ni mtu wa Kabambare, wa ukoo unaoheshimu mgeni kuliko mwenye nyumba. Kwao chakula kilichochacha anapewa mbwa, na maziwa yenyewe ni kitu cha ajabu. Kumwambia mgeni usoni kwamba umemlisha kitu kilichochacha ni kumtukana. Hakufikiri hata kidogo.

"Mbichi, madamu. Ya leo leo. Sisi hatuwezi kuwapa wageni kitu cha kuchacha."

Madamu akatabasamu; uchachu alikuwa ameshauonja. Akamgeukia mume wake, akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba aliyepika si huyu. Yule bwana akashika kalamu. Kisha madamu akanitazama mimi niliyesimama karibu na mlango na birika la kahawa.

"Na weye, binti? Nani napika?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na jibu zima kinywani. Ningesema: tumepika mimi na mama, yeye amesema mbichi kwa heshima yenu, kwetu ndivyo adabu ilivyo. Padri angeelewa, amekaa kwetu miaka mingi. Baba alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa yanasema nyamaza tena. Yalikuwa yananiomba.

Nikatazama chini.

Niliwaza: uliniambia nisijue kitu, basi sijui kitu. Niliwaza kuhusu ile nafasi ya ualimu. Nilihesabu mistari ya mkeka mpaka wakainuka.

Barua imefika Alhamisi. Inasema mke wa mwombaji hajafikia kiwango, na baba anaweza kuomba tena baadaye. Baba aliisoma amesimama. Kisha akamwambia mama, bila kupaza sauti, "Umenirudisha chini ya fimbo." Tangu hapo hataki kula mezani nasi. Anachukua sahani yake, anakula peke yake barazani. Mimi hajanilaumu hata kidogo. Nilitii. Atanilaumu kwa lipi?

Leo baada ya misa mama aliniita jikoni. Alikuwa ameweka chungu mbele yake na jani la mgomba limefunguliwa. Kumbe amekwenda misioni mwenyewe juzi kuomba kremu.

"Nifundishe, mama wangu," akaniambia. "Si kwa mdomo. Nifundishe na mikono. Wakirudi nisikosee tena."

Alinusa, uso ukakunjamana. "Ee Mungu, hiki kitu kimekufa."

"Hakijafa, mama. Ndivyo kinavyotakiwa."

"Wazungu nao. Cha kuoza wanakiita kizuri, na mimi wananiita mshenzi." Akachovya kidole, akalamba, akafunga macho kama mtu anayekunywa dawa. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na kicheko kikanichoma.

Alipiga mayai vibaya, akamwaga unga. Bikarbonati ilipofura alirudi nyuma hatua moja. Katikati ya kazi akasema, "Usijisumbue kwa ajili ya siku ile. Kosa ni langu. Nilikulea karibu sana na kanga yangu, ndiyo maana una haya hivi."

Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua. Kisha nikamwambia apunguze makaa.

Gato zake zimetoka laini. Mbili zimeungua pembeni, zingine zinarudi chini ya kidole kama zangu. Mama aliziangalia muda mrefu, akachagua tatu nzuri, akampelekea baba barazani. Mimi nilimfuata na kahawa.

Baba alikula moja. Akachukua ya pili. Mvua ilikuwa imepungua, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi aliinua macho.

"Nani amepika?"

Mama alinitazama haraka, kisha akatazama mikono yake yenye unga. Nadhani aliogopa kwamba baba akijua aliyepika ni yeye atazirudisha.

"Mutoto, Baba Vero. Mutoto ndiye amepika."

"Nilijua," baba akasema. "Wewe ungewezaje."

Mama akarudi jikoni. Mimi nilibaki nimeshika birika, na kwa mara ya pili nilikuwa na maneno yote kinywani. Nikamjazia baba kikombe.

Sijui nimekuwa mtu wa namna gani. Nitasema, lazima nitasema, ila si leo, na nadhani kesho pia nitaogopa. Wewe ambaye umefungua kaye hii na kusoma mpaka hapa, sina haki ya kukuomba kitu. Hata hivyo nakuomba: usimwambie baba. Na mama, tafadhali, mama usimwambie kabisa.