Fundo la Mikono Miwili

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi pindo za sare tatu za shule. Mchana zipu ya suruali ya pasta, imekwama, nimeiacha. Odhiambo wangu bado hajaonekana. Boti za hapa Luanda Kotieno zimetafuta tena ziwani mpaka karibu na Mbita. Hakuna.

Mama mkwe hapendi nikishona. Anasema mwenye msiba hashiki cherehani. Nimemwambia huu msiba hauna maiti, aniache. Kwa mila siruhusiwi kuingia nyumba za watu mpaka mume wangu azikwe, na hawezi kuzikwa kama hayupo. Basi niko hapa. Kitanda, cherehani, lango. Kuku wananizidi uhuru.

Alhamisi, 5 Juni

Wageni tena. Kila mmoja na neno lilelile, shujaa. Limenichosha.

Naandika nilivyosikia, nisije nikachanganya. Mashua ilitoka Mbita na wanakwaya na wachuuzi. Odhiambo alikuwa amekwenda kutengeneza injini ya mashua hiyo, akarudi nayo ili aisikilize ikifanya kazi. Upepo ukaja, ikapinduka. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwemo, zimefungiwa sandukuni zikiwa ndani ya nailoni zao, wakaguzi wakija wazikute mpya. Na hata zingetolewa, nani angevaa jaketi juu ya nguo za kwaya? Ni yeye tu aliyekuwa na yake mwilini, kuukuu, kwa sababu nilimgombeza miaka mingi mpaka akazoea. Kifungo chake kilipovunjika nilishonea kamba mbili na kumfundisha fundo langu, maana lake lilikuwa linaachia. Alinung'unika sana. Eti linataka mikono miwili na subira.

Wengine waliokolewa na wavuvi. Mwanamke mmoja wa Mbita alifika ufukweni amevaa jaketi ya mume wangu. Watu wanasema alipewa. Nani aliona? Mtu anayezama hushika chochote. Mimi nasema alimnyang'anya.

Jumapili, 8 Juni

Ibada hapa uani. Pasta alisoma ule mstari wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Rafiki. Yule mwanamke Odhiambo hakumjua hata jina. Nilitaka kumuuliza pasta, mtu mwenye mke na watoto wawili, uhai wake ni wake peke yake hata augawe anavyotaka? Sikumuuliza. Nikasema amina na wenzangu, na nimejichukia tangu wakati huo.

Binti yetu Achieng ameuliza kama baba alimpenda yule mama kuliko sisi. Nilimwambia akachote maji.

Jumanne, 10 Juni

Okoth, kaka mkubwa wa Odhiambo, amekuja na ndugu zao. Wanataka kuzika yago, lile tunda refu zito la porini. Mtu akimezwa na ziwa asipatikane, ndilo linalolazwa kaburini badala yake. Nimekataa.

"Nyar Seme," akaniambia, yaani binti wa Seme, kwa jina la kwetu kama wanavyoitwa wake wote hapa, "hii maneno haiwezi ngoja. Maji imekataa na ndugu yetu. Tutakaa hivi mpaka lini?"

Nikamwambia mimi sikuolewa na tunda. Walicheka, hata yeye.

Wangeweza kuendelea bila mimi. Okoth hataki, anataka nikubali kwa mdomo wangu, na hapo ndipo aliponibana. Nikikubali, nimesema alijitoa na mimi nimeridhika. Nikikataa, nimejifungia lango mwenyewe, mimi na watoto.

Nimewapa sharti. Waniletee yule mwanamke na jaketi. Nikishaiona nitajibu.

Alhamisi, 12 Juni

Hajaja. Wanasema anaogopa maji, hata feri hapandi. Pole yake. Azunguke basi kwa barabara.

Nimekata kitambaa cha mteja kifupi.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja. Kweli amezunguka, Sondu, Kisumu, Kisian, kutwa nzima barabarani, amefika miguu imevimba. Anaitwa Lilian, anauza mitumba. Nilikuwa nimemwandalia matusi.

Ametoa jaketi kwenye mfuko. Fundo bado liko pale mbele. Wavuvi walishindwa kulifungua, wakamvua kupitia kichwani. Nimeligeuza, nimeliangalia kwenye mwanga. Kamba hazijakatwa. Mshono haujavutwa. Zimepitishwa mara mbili, zikakazwa, kama nilivyomfundisha Odhiambo. Ni fundo langu, lakini mkono ni wake, upande wa kushoto ni mrefu kama kawaida yake.

"Sikuomba, Mama," akasema. "Tulikuwa tumeshika mashua, yeye huku, mimi huku. Mimi nikaanza kuteleza. Nilimwambia wacha, Baba, uko na watoto. Akasema nyamaza, inua mikono."

Mikono miwili kufungua lake, mikono miwili kumfunga huyu. Yaani aliiachilia mashua. Hakuna aliyemnyang'anya. Alipata nafasi ya kutufikiria na bado akafunga.

Nimelia kwa hasira mbele ya mgeni. Afadhali angeibiwa.

Jumapili, 15 Juni

Lilian amelala kwa mama mkwe. Ameosha vyombo vyote bila kuambiwa. Sijamsamehe, na sijui kama kuna kitu cha kumsamehe. Odhiambo ndiye nisiyemsamehe.

Lakini ni Odhiambo yuleyule. Nilimpendea hivyo, mtu wa kuacha chakula mezani akatengeneze injini ya mtu asiyemjua. Sikudhani ingefika hapa.

Nimemwita Okoth, nimemwambia alete tunda.

Jumamosi, 21 Juni

Tumezika. Sanda nilishona mwenyewe, nilipima yago kwa futi yangu ya kamba. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Achieng alitaka kulishika nikamruhusu. Lilian alikaa nyuma kabisa, na pasta alisema maneno machache, na kwa hilo nimeshukuru.

Swali langu kwa pasta bado ninalo.

Jumatatu, 23 Juni

Lilian ameondoka. Anasema hawezi kuzunguka Sondu maisha yake yote, wateja wake wako upande huu. Ameamua kupanda feri leo, lakini tangu chai alikuwa ananiuliza kama ziwa limetulia.

Nikaenda kuleta jaketi. Ilibidi nilifungue kwanza lile fundo. Limekauka, gumu. Nilitumia sindano nene, polepole, ilichukua muda. Lilipoachia nilibaki na kamba mbili mikononi, zimejikunja pale alipozikaza.

Nikamwambia Lilian ainue mikono. Nikamfunga.

Ameteremka kwenda ufukweni ameivaa hivyo hivyo nchi kavu, watoto wakimcheka. Nimesimama langoni mpaka feri ikapiga honi. Kisha nimerudi ndani kumalizia zipu ya pasta.