Mashine ya Mirihi na Simu ya Pemba

Barking, London, Jumamosi, 27 Desemba 2003

Leo siku ya tatu mume wangu kaganda mbele ya televisheni, akingoja ile mashine ya Waingereza iliyotumwa Mirihi itoe sauti. Chai inapoa, yeye anaiombea mashine dua. Dua, kwa bati!

"Hata zile za mwanzo za Warusi zilinyamaza," kaniambia kwa uchungu. "Tusubiri."

Tusubiri na nani?

Adhuhuri simu yake ikalia mara moja, ikakatika. Mama yake huyo, anabipu kutoka Pemba ili mwanawe ampigie. Anabipu tangu Idd.

"Kesho," kasema, bila hata kugeuza shingo.

Nikampigia mimi. Bibi wa watu kaniuliza taratibu, "Mwanangu yu hai?"

"Yu hai, mama. Alitua London salama, ila hatoi sauti."