Kazi Mpya ya Kuidanganya Mashine

San Antonio, Jumapili

Kaka Anselmo,

Mama hajambo, na mbwa wako amenenepa kwa tamale, yale maandazi ya mahindi ya Mama. Sasa kaa chini nikupashe: nimepata kazi mpya!

Unaijua ile akili bandia iliyoletwa kulinda kompyuta za benki badala yetu. Nami nilikuwa nimeshaambiwa nifungashe vyangu. Nikamwendea mkuu wetu, Bi. Hargrove: "Niache niidanganye kabla wezi hawajaidanganya."

Akacheka. "Haya, tuone."

Nikaiandikia mashine kwamba mimi ndiye Hargrove, niko hospitalini na mtoto mgonjwa, nimesahau neno la siri. Ikanipa pole, kisha ikanipa neno jipya la kufungulia kompyuta ya Bi. Hargrove!

Bi. Hargrove aliruka kitini. "Wee Nieves! Mtoto gani, na miaka yangu sitini hii? Uongo huu umefundishwa na nani?"

"Na kaka yangu."

Basi sasa naongoza kikosi cha kuishambulia mashine ili mafundi wazibe matundu yake. Kaka, nafurahi mno! Najua ni mashine hiyohiyo iliyokutoa kazini, na tangu uhamie Lubbock hupokei simu ya mtu. Mama bado anakupakulia kila Jumapili.

Kikosini pamebaki kiti kimoja. Bi. Hargrove ameniuliza, "Huyo mwalimu wako wa uongo atakuja lini?"

Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Nieves