Pikipiki imemtii Shangazi

Mama Tshiela,

Ukirudi toka soko, sombe iko jikoni, nimeifunika. Umwambie Hamadi aje kununua pikipiki yangu. Hapana, hiyo niliiandika na hasira, nimeifuta, usimwambie kitu!

Asubuhi ilikataa kuwaka, niliipiga teke mpaka mguu ukavimba, na wanafunzi wangu walikuwa wananingoja kwa mtihani. Shangazi yako Bitota akatoka nje: "Mukwe, acha hasira. Sukuma pedali polepole mpaka iwe ngumu, irudishe juu, kisha ikanyage mara moja, bila kuzungusha gazi ya mkononi."

Ikawaka! Kumbe kule Kalima yeye njo alikuwa anawasha pikipiki ya marehemu mume wake kila siku.

Jumapili ananipeleka misa. Ataendesha yeye, mimi nitakaa nyuma. Usicheke.

Baba Tshiela